Kaka Yangu Hufunga, Mume Wangu Hutoa Pasi

Siku watu wa mume wangu walipoleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwetu Kilungu, wale mbuzi ambao kwetu Ukambani wakishapokelewa basi msichana ni mke wa mtu, mimi nilikuwa chumbani na shangazi zangu, nimevaa leso mpya, nikisubiri kuitwa. Wanaume walikuwa nyuma ya nyumba wakichuna na kuchoma. Nilijua huko ndiko mambo yangu yanazungumzwa. Kama kijana ni mlevi. Kama nitatunzwa. Nikafungua dirisha kidogo nisikilize.

Nilichosikia ni sauti ya kaka yangu: "Mpira ulikuwa unatoka nje! Mimi ndiye niliuokoa!"

Na sauti ya mwanamume niliyekuwa naolewa naye ikamjibu, "Utatoka nje aje, na mimi niliulenga mkononi mwako?"

Nikafunga dirisha. Shangazi yangu mmoja akaniuliza, "Wanasema nini?" Nikamwambia wanazungumza mpira. Akafikiri namficha.

Walikuwa wakibishana kuhusu kikapu kimoja tu. Kaka yangu na mume wangu walisoma shule moja ya bweni na wote wawili walicheza mpira wa kikapu. Kaka yangu ni mrefu, ana mikono ya kufika darini bila kupanda kiti, na kazi yake ilikuwa kufunga. Mume wangu ni wa kimo cha kawaida, na kazi yake ilikuwa kuuleta mpira mbele na kumpa mwenye kufunga. Wakiwa kidato cha nne walifika fainali ya shule za kaunti. Zilikuwa zimebaki sekunde chache na wako nyuma kwa pointi moja. Mume wangu akabanwa na vijana wawili, akageuza mgongo, akautupa mpira juu ya bega bila kuangalia. Kaka yangu akaruka kule pembeni, akaudaka, akafunga kabla miguu haijagusa chini. Wakashinda.

Sasa, nani aliyeshinda ule mchezo? Mimi sikuwepo. Nilikuwa kidato cha pili katika shule ya wasichana, nimelazwa na matubwitubwi, uso umevimba kama boga. Lakini hicho kikapu nimesimuliwa mara nyingi mno hadi naweza kukicheza mwenyewe, gizani, na mtoto mgongoni.

Kwa miaka ya kwanza ya ndoa yangu niliweza kuvumilia. Kaka yangu alikuwa Nairobi, na sisi tulikuwa Tawa, mume wangu akifundisha jiografia katika shule ya sekondari na mimi nikishona nguo katika duka dogo karibu na soko. Ubishi ulikuja Krismasi, ukakaa siku tatu, ukarudi Nairobi. Mtu anaweza kuishi hivyo.

Kisha kaka yangu akarudi nyumbani. Alichoka na Nairobi, akafungua duka la mbegu na dawa za mifugo hapo hapo Tawa, hatua chache kutoka dukani kwangu. Mume wangu alikuwa na timu ya wanaume wa pale mjini, walimu na mafundi na wafanyabiashara, wakicheza Jumamosi kwenye uwanja wa saruji wa shule yake. Ilikuwa timu ya kufungwa. Kaka yangu akajiunga nayo mwezi ule ule aliorudi, na timu ikaanza kushinda. Wakawafunga watu wa mji wa Wote. Wakawafunga watu wa Mwingi.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, kwa sababu watu walitaka kujua sababu ya ushindi, na mahali walipochagua kukutana kulijadili jambo hilo ni dukani kwangu.

Sijui kwa nini. Labda ni kwa kuwa mimi ni dada wa mmoja na mke wa mwingine, na kwa hivyo walidhani nina haki ya kuhukumu. Labda ni kivuli tu. Kinyozi wa mlango wa pili alikuwa upande wa kaka yangu. "Timu ilikuwa ikifungwa," alisema, "huyu amekuja, timu inashinda. Hesabu ya darasa la kwanza." Mzee wa kanisa letu, ambaye alikuja kuchukua suruali na akakaa saa mbili, alikuwa upande wa mume wangu. Alisema huyo mrefu alicheza Nairobi miaka yote hiyo na hatujawahi kusikia ameshinda chochote. Mbona ashinde huku? Kwa sababu huku kuna mtu wa kumpa mpira.

Kinyozi akasema mpira unaweza kupewa na mtu yeyote. Mzee akasema kufunga anaweza kufunga mtu yeyote akiwekewa mpira mkononi. Wakanigeukia.

"Fundi, wewe unasemaje?"

"Nasema suruali iko tayari."

Wakati huo nilikuwa nashona majoho ya kwaya, majoho ishirini na nne ya rangi ya zambarau, yanayotakiwa kabla ya Pasaka. Siku moja mama mmoja wa kwaya, mwanamke mwenye akili zake, alikuja kupimwa, akakuta kinyozi na mzee wamefika pale pale kwenye hesabu ya darasa la kwanza. Nikadhani ataniokoa. Akainua mikono nimpime kifua, akasema, "Lakini si lazima kwanza mtu akupe ndipo ufunge?" Kinyozi akamrukia. Mzee akapiga makofi. Katika kelele hizo nilikata mikono miwili ya joho lake, na nilipoanza kuishona nikaona nimekata yote miwili ya kushoto. Kitambaa cha zambarau hakikuwa kimebaki. Ilibidi nisafiri mpaka Machakos kutafuta kinachofanana, na hakikufanana. Kila Jumapili namwona yule mama safu ya mbele, mkono mmoja umekoza kuliko mwingine, akiimba kwa furaha kabisa, na roho inaniuma.

Nyumbani kwa mama hakukuwa afadhali. Mama yangu ni mjane. Baba alipokuwa hai, firigisi ya kuku ilikuwa yake na hakuna aliyeuliza. Baada ya baba kututoka, firigisi ilikuwa ya kaka yangu. Lakini mkwe anapokuja heshima ni yake. Kaka alipokuwa Nairobi, mama hakuwa na shida. Sasa wote wawili walikuwa wakija Jumapili moja, na kwa muda mama aliisuluhisha kwa kuikata katikati. Siku moja baada ya ushindi fulani kaka yangu akaangalia nusu yake, akaangalia ya mwenzake, akasema, "Ya shemeji ni kubwa. Haya. Lakini nani alifunga pointi thelathini jana?"

Mume wangu akasema, "Pole pole, zilitoka kwa nani hizo pointi?"

Jumapili iliyofuata sahani zilikuja na hakuna firigisi kwa mtu yeyote. Nilipoingia jikoni nikamuuliza. "Nimeila mimi," akasema. "Nani alimlisha huyo kuku?"

Wacha niseme ukweli mmoja kabla sijaendelea, maana nimewalaumu sana hawa watu. Kuna Jumamosi moja nilifunga duka mapema nikaenda kuwatazama, na nikaona kitu. Mume wangu alikuwa anaudunda mpira katikati ya uwanja, na ghafla akautupa mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nilishtuka, nikasema moyoni, sasa huyu ameona nini? Mpira ulikuwa bado hewani, na kaka yangu akawa pale. Simaanishi kwamba alifika akiukimbilia. Alikuwa pale tu, kana kwamba walikuwa wamepatana tangu asubuhi. Akafunga, akarudi nyuma, wala hawakuangaliana. Nilijaribu kukumbuka nani alianza. Je, kaka alianza kukimbia ndipo mpira ukatupwa, au mpira ulitupwa ndipo akakimbia? Sikuweza kujua. Nilikaa pale mpaka mwisho nikijaribu kuona tena, na kila mara nilichelewa. Nilirudi nyumbani nikiwa na fahari ambayo sikumwambia mtu, kwa kuwa ningesema tu neno moja, ningeulizwa, "Kwa hivyo ni nani?"

Kilichowagombanisha kabisa ni redio. Timu ilikuwa imewafunga watu wa Makindu kwao wenyewe, na mtangazaji wa redio moja ya Kikamba akamhoji kaka yangu kwa simu. Nilikuwa dukani, redio iko wazi. Aliulizwa siri ya timu ni nini. Kaka yangu akacheka, akasema, "Siri ni kwamba nimerudi nyumbani." Akaulizwa kuhusu wenzake. Akasema wenzake ni watu wazuri, wanajitahidi.

Wanajitahidi! Niliweka mkasi chini. Nilijua mume wangu anasikiliza, kwa sababu redio ya chumba cha walimu haizimwi. Saa kumi hivi alikuja, hakunisalimia, akasimama mlangoni mpaka kaka yangu alipopita akielekea dukani kwake.

"Shemeji," akamwita. "Ati najitahidi?"

"Ah, shemeji, hiyo ni redio tu. Nilikuwa nataka niseme jina lako, akakata."

"Hakukata. Nilikusikia ukimsalimia mpaka muuza nyama wako."

"Sasa unataka niseme nini? Niseme uwongo? Bila mimi ungekuwa unapasia ukuta."

"Na bila mimi ungekuwa umesimama pale na mikono juu, kama mtu anaombewa."

Kinyozi alikuwa ametoka nje na mteja wake, kitambaa kikiwa bado shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa. Nikawaambia, "Nyinyi ni watu wazima. Mmoja ana watoto wawili, mwingine ana duka." Hakuna aliyenisikia. Kaka yangu akasema, "Sawa. Tutaona Kitui." Mume wangu akasema, "Tutaona."

Mchezo wa Kitui ulikuwa wiki mbili baadaye, na katika wiki hizo mbili walinitumia mimi kuzungumza. "Mwambie shemeji mazoezi ni saa tisa." "Mwambie shemeji nimeshajua." Walikuwa wameketi meza moja.

Kitui nilienda, kwa sababu nilijua kitatokea kitu. Uwanja ulikuwa umejaa. Nilipata nafasi karibu na mama mmoja Mwislamu wa pale mjini, mwenye buibui jeusi na mwavuli, ambaye mwanawe alikuwa anachezea timu ya Kitui. Akanigawia kivuli. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Mchezo ukaanza.

Mume wangu hakumpa kaka yangu mpira. Ni hivyo tu. Alimpa kila mtu mwingine. Alimpa mwalimu wa hisabati ambaye tangu nimjue hajawahi kufunga. Kaka yangu alikimbia pembeni, akainua mkono, akangoja. Mpira ukaenda kwingine. Akakimbia tena. Mkono juu. Mpira ukaenda kwingine. Baada ya muda akaacha kukimbia, akawa anatembea, na alipoupata mpira kwa bahati, ukidunda kutoka kwenye ringi, yeye naye hakumpa mtu, akajaribu kufunga peke yake kati ya watu watatu. Nilikuwa natamani ardhi ipasuke.

Hata robo ya kwanza haijaisha, yule mama akaniinamia.

"Yule mrefu na yule wa kuleta mpira, wamegombana?"

"Umejuaje?"

"Si naona tu. Mwanangu na nduguye walikuwa vivyo hivyo, hadi nikawanyang'anya mpira." Akatazama kidogo. "Wanahusiana?"

"Ni mashemeji," nikasema. "Yule mrefu ni kaka yangu. Yule mwingine ni mume wangu."

Akaniangalia, akasogeza mwavuli ukanifunika zaidi. "Pole, mwanangu," akasema. "Pole sana."

Walifungwa vibaya hata refa aliona aibu. Nyumbani nilimwambia mume wangu, "Umefurahi?" Akasema alikuwa akijaribu kuwapa nafasi wengine. Nilimwendea kaka yangu asubuhi, nikamwambia, "Umefurahi?" Akasema, "Si umeona mwenyewe, dada? Nisipopewa mpira timu inafungwa. Nilikuwa sahihi." Mume wangu alipoambiwa hayo akasema, "Amepewa mpira mara ngapi peke yake, akafunga mara ngapi? Mimi ndiye nilikuwa sahihi." Yaani walikuwa wamefungwa mchezo mmoja na wote wawili wameushinda.

Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi, bila mtu kumgusa, kaka yangu aliruka na alipotua akaanguka. Waliokuwepo walisema walisikia mlio kama kijiti kikavu kinavunjika. Ni ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino, ulikatika. Aliyemfikia wa kwanza ni mume wangu. Alimbeba mgongoni, jitu lile refu, miguu ikiburuta, mpaka kwenye gari la mwalimu mkuu, na akakaa naye katika hospitali ya Wote hadi kesho yake. Nilipofika nikawakuta wodini. Mguu umefungwa plasta mpaka gotini. Mume wangu alikuwa akimlisha chungwa, kipande kwa kipande, na macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema moyoni, asante Mungu, imekwisha.

Nikawasikia.

"Wiki ijayo mtafungwa," kaka yangu anasema.

"Tutaona," mume wangu anasema, na anampa kipande kingine.

Watu wa Tawa walisema sasa jibu litapatikana. Mfungaji hayupo, tuone mtoa pasi peke yake. Kinyozi na mzee wa kanisa hawakulala kwa hamu. Timu ikacheza mchezo wa kwanza bila kaka yangu, ikafungwa. Kinyozi akacheza ngoma mbele ya duka langu. Ikacheza wa pili, ikashinda. Mzee akaja na soda. Wa tatu wakafungwa kwa pointi mbili, na kinyozi akasema ni kufungwa, na mzee akasema kufungwa kwa pointi mbili si kufungwa, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mchezo wowote duniani ambao ungewanyamazisha.

Kaka yangu alikuwa anapelekwa uwanjani kila Jumamosi na magongo yake, akiketi kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari. Siku moja nilimpelekea chai. Mchezo ulikuwa unaendelea. Alishika kikombe bila kunywa.

"Dada," akasema, "nikwambie kitu? Lakini usimwambie."

"Sema."

"Unamwona yule anayemkaba shemeji? Angalia. Shemeji anaangalia kule kushoto. Si kwamba anataka kupasia kushoto. Anamvuta kwa macho. Yule beki anasogea, umeona? Na huku kulia kunabaki wazi." Akakiweka kikombe chini. "Mimi miaka yote nilidhani nabaki peke yangu kwa sababu nina mbio. Kumbe nilikuwa nafunguliwa mlango."

"Mwambie basi."

"Wewe! Nitakaa wapi? Nitaambiwa hilo mpaka siku ya mazishi yangu."

Wiki hiyo hiyo, alasiri, mume wangu alikuwa anaosha viatu vyake vya mpira kwenye karai nje ya nyumba. Nilikuwa naanua nguo. Akasugua kiatu kimoja kwa muda mrefu sana.

"Unajua," akasema, "nikitupa mpira siku hizi, hakuna mtu."

"Aje hakuna mtu? Si mko watano?"

"Natupa pale angekuwa. Mkono umezoea. Nilidhani ni mimi ninayemwona, ndiyo maana mpira unamfikia. Lakini hawa wengine nawaona vizuri kabisa, na mpira bado unapita. Yule jamaa alikuwa anajua pa kwenda kabla mimi sijajua." Akakung'uta brashi. "Usimwambie."

"Kwa nini nisimwambie?"

"Huyo? Atatembea na hayo maneno mpaka Mwingi."

Fikiria basi hali yangu. Nilikuwa na majibu yote mawili, kila moja limetoka kwenye kinywa cha mwenyewe, na nimekatazwa kulitoa. Na huku dukani kila siku, kinyozi na mzee. Kaka yangu akija na magongo, anasema, "Bila mfungaji hakuna timu." Mume wangu akitoka shuleni, anasema, "Bila pasi hakuna mfungaji." Wote wawili wakijua si kweli. Wote wawili wakiniangalia nisiseme. Nilishona vifungo vya shati la mtu upande wa mgongoni.

Nilivumilia kama wiki tano. Jumapili moja baada ya kanisa tulienda kwa mama Kilungu, naye akatuomba tumvunie maparachichi kabla hayajaanguka yenyewe. Mume wangu akapanda juu ya mti. Kaka yangu, kwa vile hakuweza kupanda, aliwekwa kwenye kiti chini na gunia mapajani, ili anapotupiwa adake. Mama na mimi tulikuwa tunachagua yaliyoiva. Ilikuwa siku nzuri, jua si kali. Kwa dakika kumi mambo yalikwenda vizuri. Juu linatupwa, chini linadakwa, bila neno. Nikawatazama, nikakumbuka ile Jumamosi uwanjani.

Kisha moja likaanguka kwenye jiwe, likapasuka.

"Umetupa vibaya," kaka yangu akasema.

"Umedaka vibaya," mti ukajibu.

"Limekuja nyuma ya bega langu! Ningedaka na nini?"

"Si huwa unasema unaokoa mipira inayotoka nje? Okoa basi!"

Nililitupa karai la maparachichi nililokuwa nimeshika. Sikukusudia, mikono ilifanya yenyewe. Nikasema, na nadhani majirani ng'ambo ya bonde walisikia, "Nyamazeni! Wewe, kaka, uliniambia kwa kinywa chako kwamba yeye ndiye anayekufungulia mlango, na kwamba miaka yote ulikuwa ukijidanganya! Na wewe huko juu, uliniambia tangu aumie unatupa mpira hakuna mtu, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa anajua pa kwenda! Haya! Nimesema! Shikaneni mikono tuvune maparachichi ya mama!"

Jani moja likaanguka. Nikaona mguu wa mume wangu ukitafuta tawi. Kaka yangu akaangalia gunia.

Nilidhani labda mmoja atalia.

"Mimi nilisema labda," mume wangu akasema kutoka juu, taratibu.

"Na mimi sikusema hivyo," kaka yangu akasema. "Nilikuwa naeleza mbinu. Dada, shida ni moja. Wewe huelewi basketi."

"Hapo umesema kweli, shemeji," mume wangu akasema. "Haelewi. Nimejaribu kumweleza tangu tuoane."

"Hata mimi. Tangu tukiwa wadogo."

Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana tangu ile siku ya redio. Walicheka. Walicheka pamoja, mmoja juu na mwingine chini, kwa gharama yangu.

Mama alikuwa ameinama akiokota yale niliyomwaga. Akauliza, bila kuinua kichwa, "Na huo mpira wenu wa kutupa juu, mnacheza watu wangapi?"

"Watano, mwaitu," kaka yangu akasema, maana mama tunamwita hivyo.

"Na hao watatu wengine wanafanya nini?"

Wakafikiri.

"Hao?" kaka yangu akasema. "Hao ni wa kusaidia tu."

"Ndiyo," mume wangu akasema. "Wanajitahidi."

Mama akanitazama. Nikamtazama. Akanipa karai, tukaendelea kuokota.

Plasta ilitolewa, na baada ya miezi mingi ya kunyoosha mguu, kaka yangu alirudi uwanjani. Lakini hakurudi yule yule. Haruki tena kama zamani, na mbio zimepungua, ana woga wa kutua. Kwa hivyo ameanza kusimama karibu na mstari, anapokea mpira, anatazama, anautoa. Na kwa vile lazima mtu afunge, mume wangu, ambaye maisha yake yote hakuwa mfungaji, sasa ndiye anayekimbilia ringi. Hafungi sana. Anakosa kuliko anavyopata. Makindu, tulipoenda mara ya pili, kaka yangu alimtupia mpira mzuri mwishoni, peke yake kabisa chini ya ringi, akaupiga ukazunguka, ukazunguka, ukatoka. Wakafungwa kwa pointi moja.

Jumatatu nilikuwa nimepata mteja, msichana anayeolewa mwezi ujao, amekuja na kitambaa cha gauni na mama yake mdogo. Nilikuwa nimemkunjulia utepe begani wakati kaka yangu alipoingia, mume wangu nyuma yake, na kinyozi nyuma yao.

"Nimekuwa nikisema siku zote," kaka yangu akasema, akajitafutia pa kuegemea, "pasi ndiyo mpira. Pasi ikiwa nzuri, kazi imeshakwisha. Hata mtoto angefunga ile."

"Mtoto gani?" mume wangu akasema. "Kufunga si rahisi hivyo. Unadhani kufunga ni kitu? Mtu anakukaba, umechoka, wakati umekwisha. Bila mfungaji, pasi yako ni ya nini?"

Niliwaangalia wote wawili nione kama kuna hata mmoja anayesikia anachosema mwenyewe. Hakuna. Kinyozi alikuwa amechanganyikiwa, hajui sasa yuko upande wa nani, na mdomo uko wazi.

"Shangazi," yule bibi harusi akaninong'oneza, "hawa ni nani?"

Nikamshika mkono, nikamtoa nje pamoja na mama yake mdogo, nikampima kiuno pale kizingitini, kwa sababu ndani hapakuwa tena na nafasi ya kunyoosha utepe.